Wazee Saba Waliovamia Ofisi

Jumanne asubuhi, kwa kinyozi wa mtaani kwetu, niliwasomea wenzangu gazeti kwa sauti, kwa kuwa habari ilituhusu sisi wenyewe. Kichwa chake kilisema: "Genge la Wazee Lavamia Ofisi ya Meya."

Tulikuwa wazee saba. Tulikwenda kumsihi meya asiifunge zahanati yetu kabla baraza halijapiga kura Alhamisi, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuyasoma maombi yetu siku hiyo mbele ya madiwani. Tuliketi kwenye benchi la ukumbini kwa muda wa saa tatu nzima, hadi katibu muhtasi alipotuita na kutuongezea viti viwili. Gazeti liliandika kwamba meya "alifafanua kwa utulivu", ilhali wazee "walifoka".

"Mwalimu," kinyozi aliniuliza, wembe ukiwa hewani, "hapo tulipovamia ilikuwa saa ngapi? Maana mimi nilikuwa nimesinzia."

Wakacheka. Mkunga mstaafu, mmoja wetu wale saba, hakucheka. Ndiye aliyekataa katakata tufuatane na mwandishi wa habari, nami nikamwapia kwamba huyu namjua, nimemlea, nimemfundisha kusoma. Mwandishi huyo ni mjukuu wangu. Jina lake gazetini nimelijivunia kuliko vyeti vyangu vyote.

Niliwaambia kwamba bila shaka mhariri ndiye aliyeiharibu kazi yake.

Mchana mjukuu wangu alipopita nyumbani, nilimwomba daftari lake hata kabla hajaketi. Yote yalikuwamo kwa mwandiko safi: benchi, saa tatu, viti viwili, hata goti la mkunga lililomlazimu kupumzika kila baada ya ngazi chache. Moyo ukanitulia. Nikamuuliza ni nani aliyeyabadilisha maneno.

"Ni mimi, babu."

Alieleza, macho yakiwa sakafuni, kwamba dawati la siasa linatafuta mkuu mpya, naye anaitaka nafasi hiyo, na mhariri hapendi meya audhiwe. Tena, habari ya wazee waliokaa kwenye benchi haina msomaji. Alishikilia kwamba hakusema uongo, kwani mkunga alipaza sauti. Ni kweli alipaza, mara moja, kwa sababu meya alikuwa akizungumza kwenye simu.

"Wewe ndiye uliyenipa kalamu nyekundu, babu, ukaniambia nitafute neno linalomhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Ninayajua yote hayo. Nilijua ninachofanya."

Laiti angesema hakujua.

Kisha akaniomba jambo moja: niwaache wazee waendelee kuamini kwamba ni mhariri. Wangeniamini, naye asingedhurika kwa lolote. Sauti ilikuwa ileile aliyokuwa akiombea peremende utotoni.

"Nifichie, babu."

Nilivaa koti, nikaenda kwa mkunga. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwamba maneno yale ni ya mjukuu wangu, aliyachagua mwenyewe kwa akili timamu, na kwamba asubuhi nilimsingizia mhariri. Aliendelea kukunja nguo zake. Alikunja shuka, akakunja na nyingine.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi, Mwalimu," alisema hatimaye. "Lakini Alhamisi atasoma kinyozi."

Niliyatoa maombi yetu mfukoni, kurasa mbili nilizozinakili mara nne, nikayaweka juu ya shuka.