Utabiri wa Baba Gatwiri

Mimi siwapendi watu wanaobahatisha halafu wakajiita wataalamu. Nasema mapema ili mkinisikia nafoka mjue sababu. Naitwa Kibibi, Mama Asmaa, mke wa Yusuf mwenye bucha hapa Timau, ile yenye televisheni kubwa na benchi upande wa jikoni. Nimezaliwa Meru mjini nikaolewa huku kwenye baridi, na miaka yote hiyo nimewapikia supu watu wanaojua kila kitu kuhusu riadha, na ukiwaambia wakimbie mvua isiwakute wanakohoa mpaka usiku.

Yusuf hataki kamari kwake. Walipojaribu kuweka hela mezani siku ya kwanza, aliwajia na kisu mkononi akawaambia hiyo ni haramu, watoke nje nayo. Basi wakatafuta njia nyingine, na hiyo ndiyo ikawa sheria ya bucha yetu. Kabla ya mbio kuanza, kila mmoja anasimama, anaweka mkono juu ya gogo la kukatia nyama, anataja kwa sauti yatakayotokea. Lazima useme unachoamini, si unachotamani. Aliyekosea kuliko wote anakuja Jumatatu asubuhi kuosha matumbo. Na hayo matumbo, kwa maji yetu yanayoshuka mlimani yakiuma vidole mpaka kwenye mfupa, si mchezo. Mwalimu Mbaabu, mzee wa kanisa, aliyaosha mara nyingi hadi wanafunzi wake wakawa wanamkwepa.

Aliyekuwa haoshi kamwe ni Kithinji. Huyu ni dereva wa trekta katika shamba la ngano, mtu mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Hakuwa na siri yoyote. Alikuwa akiwatazama wakimbiaji wanapopasha misuli moto, anakunywa supu yake, kisha anasema huyu, halafu yule. Na inakuwa. Wenzake walimtania kwamba ni mganga, naye anacheka chini kwa chini. Ule utani nilikuwa naupenda. Sikujua utakuja kumla mwenyewe.

Binti yake wa pekee ni Gatwiri. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado hajaanza shule, na Kithinji akamlea mwenyewe, akimsuka nywele kwa vidole vile vya grisi mpaka tukawa tunamcheka. Msichana alikua akikimbia kando ya ua wa ngano, shule na kurudi, na mbio hizo zikamfikisha Ulaya. Mwezi wa pili mwaka huu akaalikwa kwenye mashindano makubwa ya ndani ya ukumbi, mita elfu tatu, na majina yote makubwa yapo. Timau nzima ikaingia wazimu. Wengine walikuwa hawajui hata kama watu hukimbia ndani ya nyumba. Ikabidi Mutuma, kijana wa shamba la maua, awaonyeshe kwenye simu: uwanja mfupi wa mbao, kona zimeinuliwa kama ubavu wa karai, na mguu wa kushoto ndio unaobeba mzigo kila ukikata kona.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Kithinji alikuja jikoni kwangu kabla hatujafungua. Nilimuona tu nikajua kuna jambo. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniambia Gatwiri amempigia simu. Mfupa wa mguu wa kushoto umeingia ufa. Alikwenda kupigwa picha kwa siri, meneja wake hajui, na akijua atamwacha siku hiyohiyo na kumchukua mwingine, maana wasichana wenye miguu mizima ni wengi. Kithinji alikuwa amemsihi asikimbie. Gatwiri akamjibu kwamba ametoka mbali sana kurudi nyuma. Kisha akamwomba kitu kimoja: aseme tu kwamba atashinda, akakimbie na neno la babake.

Nikamuuliza, wewe ukamjibu nini? Akasema alinyamaza mpaka simu ikakatika.

Nikamgombeza. Nilimwambia si ungesema tu, neno halilipiwi kodi, mtoto anataka kutiwa moyo nawe unamnyima. Akaniangalia kwa yale macho yake mekundu.

"Mama Asmaa, nikimwambia atashinda, ni mimi nitakuwa nimemtuma."

Halafu akaniapisha nisimwambie mtu habari za mguu, hata Yusuf. Nikaapa. Laiti ningeukata ulimi wangu kwanza.

Jioni bucha ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye baridi nje, wamejifunga makoti, wanachungulia dirishani. Mwalimu Mbaabu ndiye aliyefungua. Akaweka mkono kwenye gogo, akasema Gatwiri wa kwanza, na kwa jina la Bwana. Mwingine akaja, Gatwiri. Mwingine, Gatwiri. Kila mkono uliogusa gogo lile ulimtaja Gatwiri, hata wa watu ambao hawajui Gatwiri ni mweupe au mweusi. Nikawaambia hiyo si sheria, mnasema mnachotamani. Hakuna aliyenisikia. Mutuma alikuwa ameinua simu, anarekodi kila mmoja na kutuma papo hapo kwenye kundi lao la mashabiki, na Gatwiri mwenyewe yumo kwenye kundi hilo.

Ikafika zamu ya Kithinji. Alisema leo yeye ni mzazi tu, wamruke. Mbaabu akakataa. Akasema gogo halina mzazi, na tena ni nani anayemjua msichana kumzidi babake? Watu wakacheka, wakaanza kupiga meza. Nikamwambia Mbaabu amwache mtu wa watu. Akaniambia niende nikaangalie supu yangu. Mimi! Kwenye bucha ya mume wangu! Nilimeza hasira kwa sababu ya kile kiapo, na mpaka leo hasira hiyo haijashuka.

Kithinji akasimama. Akaweka mkono wake kwenye gogo na kuuangalia, kama mtu aliyesahau ni wa nani. Simu ya Mutuma ilikuwa karibu na uso wake.

"Gatwiri hatamaliza," akasema.

Bucha ikalipuka kelele. Wengine walidhani ni mzaha, wengine wakasema amelewa, na Kithinji hajawahi kuonja pombe. Mbaabu alimwambia aifute kauli hiyo upesi, maana mzazi hasemi hivyo juu ya damu yake. Wameru wana neno lao, kirumi, laana ya mzazi, na nawahakikishia hakuna kanisa lililoliondoa vichwani mwao. Sisi Waislamu pia twaijua radhi ya wazazi, kwa hiyo sitawacheka. Kithinji hakufuta. Alirudi kwenye kona yake ya mlangoni akakaa.

Baadaye aliniambia kwa nini. Alijua ile simu inatuma. Alidhani Gatwiri akilisikia neno hilo kule kwenye chumba cha kujiandaa ataogopa, atavua viatu, apone akimbie siku nyingine. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwake.

Gatwiri alilisikia. Na akaenda kwenye mstari.

Alikimbia vizuri, nisimpunje. Raundi baada ya raundi alikuwa pale mbele, wa pili, wa tatu, bucha inatetemeka kwa miguu ya watu. Mbaabu alikuwa amepanda juu ya benchi na viatu vyake. Wakabaki wanne, kisha watatu. Kithinji alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia sakafu, na kila walipokata kona nilimuona anakunja mguu wake mwenyewe wa kushoto. Kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Kwenye kona ya kwanza Gatwiri alipepesuka. Alikwenda hatua chache akiwa ameshika hewa, kisha mguu ukajikunja mahali ambapo mguu haujikunji, akaanguka na kubingirika mpaka chini ya ule mteremko wa mbao. Wenzake wakamruka.

Televisheni ilimwacha ikamfuata mshindi. Na pale ndani, wallahi, hakuna hata mmoja aliyekuwa akiitazama tena. Wote walikuwa wamemgeukia Kithinji.

Jumatatu hakuna aliyekuja kuosha matumbo, ingawa wote walikuwa wamekosea. Niliyaosha mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa na Kithinji benchi moja. Akija kunywa supu, watu wanakumbuka wana ng'ombe wa kukama. Kanisani walimwondoa kwenye wale wanaopitisha kapu la sadaka. Dadake, Karwirwa, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuja hapa mbele ya wateja akamwambia ayarudishe maneno yake, anywe fundo la maziwa amtemee mtoto mate ya baraka kifuani kama wazee walivyofanya, la sivyo mguu ule hautapona. Kithinji akamjibu kwamba ukirudisha laana umekubali uliitoa, na yeye hakumlaani mtoto wake.

"Basi ulijuaje?" Karwirwa akamuuliza.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Kithinji akaniangalia, nikaufunga. Kwa maana Gatwiri alikuwa bado hospitalini kule kwa watu, meneja ndiye anayelipa, na meneja akijua kwamba ufa ulikuwepo na ukafichwa, atamtoa kitandani. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kwenye ulimi wa babake. Akachagua kuitwa mchawi. Nami nilisimama pale na mwiko wangu kama mjinga, nikiwa na jibu la kuwanyamazisha wote, nisiweze kulitoa.

Gatwiri alirudi wakati wa mvua za masika, kwa magongo mawili. Hakwenda kwa babake. Alishukia kwa Karwirwa. Wiki nzima Kithinji alikuwa anapita nje ya ua wa dadake akienda kazini na kurudi, na mlango haukufunguliwa. Nilimwambia awe na subira, mtoto anaujua ukweli kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyempigia simu. Nilimwambia hivyo nikiamini. Nilidhani siku msichana akifungua kinywa, wale wote watanyweshwa aibu yao kwa bakuli.

Jumamosi wakaja. Karwirwa mbele, Gatwiri nyuma yake akigonga magongo kwenye sakafu yangu, na Mbaabu, na Mutuma, na wengine wakajipanga ukutani. Kithinji alikuwa kwenye kona yake peke yake. Alisimama aliposikia magongo. Akasogeza benchi ili mtoto apate pa kukaa. Gatwiri hakukaa.

"Baba, niondolee," akasema.

Kithinji akamuuliza polepole, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mdogo, aondoe nini. Si wao wawili wanajua? Alisema hivyo tu, si zaidi. Hata pale, mbele ya wote, bado alikuwa anamfichia.

Gatwiri alikuwa analia. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Mguu nilikuwa naujua, Baba. Ningeuvumilia. Lakini kwenye ile kona sikuusikia mguu. Nilikusikia wewe."

Sijui nieleze vipi uso wa yule mzee. Nimeona ng'ombe wengi wakichinjwa katika maisha yangu, na huwa siangalii macho. Siku hiyo niliangalia, na najuta. Kisha akanigeukia akaniomba maziwa. Nilitaka kumkatalia. Nilitaka kupiga kelele kwamba asithubutu, kwamba akinywa maziwa yale ataonekana mwenye hatia mpaka aingie kaburini. Nikampa kikombe, kwa sababu ni mtu mzima na ni mwanawe.

Akachukua fundo moja. Akamsogelea Gatwiri, akamtemea kifuani matone machache, akaweka kiganja chake pale juu.

"Maneno niliyoyasema nimeyarudisha," akasema. "Yalitoka kwangu. Yasikufuate."

Watu wakaitikia amina. Gatwiri akaegemea bega lake akalia mpaka magongo yakaanguka. Karwirwa akapiga kigelegele. Mbaabu akaja, mkono mbele, akampongeza Kithinji kwa kukiri dhambi yake, akasema mbinguni kuna furaha. Na siku hiyo walikaa naye benchi moja, wakamnunulia supu, wakamwambia kila mtu huteleza. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira hadi Yusuf akaja kuniuliza nani amekufa.

Mguu haukupona sawasawa. Gatwiri anachechemea, anapakia maua kule shambani, na yule meneja alishamwacha zamani, ndiyo maana leo nasema. Ukimtaja babake anatabasamu. Anasema alimsamehe.

Jumatatu iliyofuata baraka ile, nilifungua mlango wa nyuma alfajiri nikamkuta Kithinji ameinama kwenye beseni, mikono imezama kwenye maji yale ya barafu, anageuza matumbo na kuyasugua. Nilimwambia aache. Nilimwambia sheria ni moja, anaosha aliyekosea, na katika bucha nzima siku ile ni yeye peke yake aliyesema sawa.

Hakuinua kichwa.

"Nilikosea, Mama Asmaa," akasema, akaniomba chumvi ya kusugulia.

Huja kila Jumatatu. Nami humwekea maji ya moto kidogo kando, lakini hayatumii.