Oke Kabla ya Spana

Gereji yetu ilikuwa na neno moja tu la Kiingereza: oke. Mteja akiuliza kama gari litapona, oke. Bosi akikufokea, oke. Umekubali, umechoka, hutaki maneno, zote oke. Lakini oke ya chaki ubavuni mwa tairi haikuwa na mzaha. Maana yake nati zimekazwa kwa spana kubwa, gari liondoke. Aliyeruhusiwa kuiandika ni mimi peke yangu, fundi mkuu.

Nami nilikuwa na mchezo mbaya. Goti langu bovu, kuchuchumaa mara mbili sitaki. Basi nikishazungusha nati kwa mkono, naandika oke palepale, ndipo nainuka, nashusha jeki na kufuata spana. Miaka tisa nimefanya hivyo.

Siku hiyo nilibadilisha breki za gari la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nikaandika oke tairi zote nne, nikashusha jeki. Bosi akaniita ofisini. Niliporudi, gari halipo.

"Shemeji yako kaondoka," akasema yule kijana mpaka rangi wa gereji. "Kaona oke, kawasha. Anampeleka binti yako kliniki. Tumbo lile, mzee, mimi nasema mapacha!"

Spana kubwa ilikuwa mezani, sijaigusa.

Simu ya shemeji iliita bila kupokelewa. Nikapiga ya binti.

"Shikamoo, baba."

"Mwambie mjomba wako asimame! Sasa hivi!"

"Mjomba, baba anasema usimame."

Nikamsikia shemeji akicheka. "Katikati ya mteremko? Baba yako kazeeka huyo!"

"Nati hazijakazwa!" nikapiga kelele.

Kikasikika kishindo, halafu chuma kikikwaruza lami. Binti akapiga ukelele mmoja. Simu ikakatika.

Mpaka rangi alinipakia kwenye pikipiki yake. Tulilikuta gari limelalia ubavu wa mtaro, gurudumu la mbele halipo. Binti amekaa chini, mikono tumboni.

"Wanacheza," akasema. "Nawasikia wanacheza."

Shemeji alinivaa. "Uliandika oke! Kwa macho yangu nimeiona!"

"Niliandika kabla ya kukaza."

"Kabla? Unaandikaje kabla?"

"Goti," nikasema. Hata mimi nililisikia lilivyo jibu la kijinga.

Binti akaniangalia kama mtu asiyenifahamu.

"Ni leo tu, baba?"

Ningeweza kudanganya.

"Miaka tisa."

"Gari la mama pia? Na basi la shule?"

"Yote."

Mpaka rangi akavua kofia, akageukia upande mwingine. Binti akanyoosha mkono ili ainuliwe. Nikaushika. Akauchomoa, akampa mjomba wake.