Notisi kwa Mke wa Dalmas

Rehma alizunguka na ile notisi ndani ya buibui lake asubuhi nzima kabla ya kupata nguvu za kubisha mlango wa Caren, mpangaji wake. Nyumba alizopangisha uani kwake hapo Migosi ndizo zilizowaweka mjini yeye na familia yake. Figo za mumewe, Hassan, zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na kodi ndiyo iliyomlipia kusafishwa damu. Caren hakuwa amelipa tangu mumewe, Dalmas, azame akivua nje kidogo ya Usenge. Miili ya wenzake aliozama nao ilipatikana. Yeye, ziwa lilikataa kumtoa.

"Karibu ndani, Mama Nuha."

"Sikai." Rehma alimpa karatasi. "Wakili amesema ni lazima nikupe kwa maandishi. Una miezi miwili. Usipolipa, utatoka."

Caren aliisoma polepole, midomo ikicheza. Rehma alitamani afoke, atukane, lakini wapi.

"Si urudi Usenge, kwa wakwe zako?"

"Wakwe wanataka tuzike yago." Caren aliona kwamba mwenzake hajaelewa. "Lile tunda refu la mwegea. Kwetu mtu asipopatikana, linazikwa badala yake, na matanga yanaisha. Mimi nimekataa. Nikilitia tunda kaburini, ni kama nimemuua kwa mkono wangu. Na hapa ndipo anapopajua. Akirudi, atakuja hapa."

Rehma alikaribia kuinyakua ile karatasi na kuichana. Kisha akakumbuka Hassan alivyovimba miguu wiki waliyokosa pesa za hospitali, akajiondokea bila kuaga.

Miezi ile miwili alimkwepa. Akimwona Caren akitoka kwenda ufukweni kuuliza habari za mumewe kwa wavuvi, aliingia ndani mpaka apite.

Siku ya mwisho alikuja na Simiyu, fundi wa kufuli. Mlango ulikuwa wazi, nyumba imefagiwa.

"Ameondoka alfajiri," alisema Dorca, jirani wa chumba cha pili. "Ameenda kuwaambia wakwe zake wachimbe kaburi. Angefanya nini? Hana pengine pa kulala, na hawamtaki bomani kwao kama mumewe hajazikwa."

Rehma aliegemea ukuta.

"Mama, nibadilishe kufuli?" Simiyu aliuliza.

"Badilisha."

Jioni Hassan alimuuliza, "Yule mama amelipa?"

"Amehama. Ameenda kuzika."

"Alhamdulillahi! Kumbe wamempata."

"Hawajampata," Rehma alisema, akamweleza yote, pamoja na ile notisi aliyokuwa amemficha.

Hassan aligeukia ukutani. Chakula hakukigusa.

Wiki ile ile mpangaji mpya aliingia, akalipa. Rehma alimpeleka mumewe hospitalini, akaketi nje ya chumba cha mashine. Watu waliomfahamu walipita wakimsalimu, naye hakuwasikia.