Mlango wa Bani

Bani letu la matofali lilishika moto kwa ndani siku ya Alhamisi, saa tisa mchana. Mimi, mtu pekee kijijini niliyejua la kufanya, nilikuwa na mkono kwenye komeo la mlango, nikitaka kufanya kinyume chake.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Ndani zimetundikwa fito zenye majani hadi darini. Chini yamelala mabomba ya bati yanayopitisha joto kutoka tanuru lililo nje. Moto hupandishwa polepole, siku sita. Hili la kwetu, kando ya njia ya zamani ya wapagazi huku Urambo, lilibeba tumbaku ya kaya zote arobaini zilizohamishiwa kijiji cha ujamaa. Likiungua, tunaungua wote, kijamaa kabisa.

Nilipewa kulisimamia kwa sababu ya akili. Nilikuwa Raymundi, wa kwanza shuleni kwa hesabu, na asiyejua nilimjulisha. Sekondari sikwenda, lakini si kwa ujinga. Siku ya mtihani nilimaliza kabla ya wenzangu, nikatoka nje kupunga upepo na kuwacheka. Kumbe nyuma ya karatasi kulikuwa na maswali mengine ishirini.

Sasa ilikuwa imepatikana nafasi moja ya kozi ya mabwana shamba wasaidizi. Mwenyekiti wetu, mzee Masolwa, alinieleza bila kuzunguka.

"Itoe tumbaku hii salama, gari la Ijumaa likuchukue. Ukiiharibu, jembe lako unalijua lilipo."

Mchochea moto wangu alikuwa Pelagia, mjane aliyeishia darasa la pili. Alikaa kwenye kigogo mbele ya tanuru, akitia kuni moja, akingoja, akitia nyingine, kama mtu anayelisha mgonjwa. Kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumringia, nilimsomea yeye kitabu cha maelekezo.

"Sheria ya tisa. Moto ukizuka ndani ya bani, usifungue mlango. Ziba matundu yote, toa kuni tanuruni, ngoja."

"Kwa nini usifungue?"

"Hewa, dada. Moto unakula hewa."

"Kumbe nao unashikwa na njaa," akasema, akatia kuni.

Tatizo lilikuwa gari. Lingekuja Ijumaa, na tumbaku ingekauka Jumamosi. Nikapiga hesabu: tukizidisha joto tangu Alhamisi asubuhi, tunaokoa siku nzima. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila majani hayakupita shule. Na tangu mwanzo niliwaharakisha waliofunga majani kwenye fito, vifundo vikabaki legelege.

"Tia kuni, dada."

"Vikonyo bado vibichi, Ndugu Mtaalamu."

"Tia."

"Ningekuwa mimi ningengoja."

"Ndiyo maana si wewe unayekwenda kozi."

Alinitazama kidogo, kisha akatia.

Saa tisa nikachungulia kwenye kidirisha cha kioo ukutani. Jani moja lilichomoka kwenye kifundo, likaanguka juu ya bomba, likajikunja, likawa jekundu. Likafuata la pili, kisha fungu zima. Moshi mzito ukaanza kutoka kwenye matundu ya juu.

Sheria ya tisa ilinitoka kichwani kana kwamba si mimi niliyeisoma. Nikakimbilia mlangoni na ndoo ya maji. Nyuma yangu wakaja wenye tumbaku: Marko na shoka, na Mama Eustadia akilia, "Fungua! Mwaka mzima huo! Fungua!"

Pelagia alifika kabla sijavuta komeo. Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye mbao.

"Usifungue."

"Dada, inaungua!"

"Sheria ya tisa."

"Niachie mlango!"

"Umenisomea mara tatu," akasema. "Ulikuwa unanidanganya?"

Marko akainua shoka, akamwambia asogee la sivyo atampasua pamoja na mlango. Yeye akamjibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Weka hiyo chini, shemeji, uchote tope. Mama Eustadia, lowesha magunia. Mtaalamu, toa kuni tanuruni."

Nadhani tulitii kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa hapigi kelele. Nikazitoa kuni zinazowaka, nyusi zangu zikabaki humo. Tukaziba matundu kwa magunia, kila ufa tukaukandika tope.

Halafu tukangoja. Hapo ndipo kazi iliponishinda. Moshi unapenya pale, tunaziba. Ukuta unalia, tunatazamana. Mara tano niliinuka kwenda kwenye mlango, na mara tano Pelagia, mgongo bado kwenye mbao, alisema, "Kaa." Mara ya sita nikakalia mikono yangu mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshashuka alipoweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu, akatikisa kichwa. Tukangoja tena. Alipokubali tufungue, fito kumi na tisa za chini zilikuwa majivu. Zilizobaki, zaidi ya mia tatu, zilining'inia, rangi mbaya lakini nzima.

Mzee Masolwa akafika na baiskeli yake kutoka mkutanoni, akihema. Akatazama tope, akatazama majani.

"Nani aliyesema mlango usifunguliwe?"

"Raymundi," akasema Pelagia.

Hakutania. Kwake ilikuwa hivyo hasa. Mwenyekiti akanishika bega.

"Kijana, funga mizigo. Gari la kesho ni lako."

Marko akatazama pembeni. Nilitakiwa kunyamaza tu; kazi ndogo hiyo, na siku hiyo hata mimi ningeiweza. Lakini Pelagia aligeuka kuchukua ndoo, nikaona blauzi yake mgongoni imebabuka, kahawia kama jani lililoiva.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "nilisema Jumatatu, nikisoma kitabu. Leo nilikuwa nafungua. Na joto nililizidisha mimi, ili niwahi gari."

Mama Eustadia akaniangalia kama anayechagua pa kunipiga.

"Basi gari liende tupu?" akauliza Masolwa.

Nikamwonyesha Pelagia kwa kidevu. Naye, kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka.

"Mimi? Herufi zenyewe nazijua nusu!"

"Kozi nyingine ni mwezi wa sita," akasema mzee baada ya kufikiri. "Huyu mwenye mdomo atakufundisha kusoma."

"Na mimi nimfundishe nini?" akauliza Pelagia, akitazama mikono yangu.

Majani ya mchumo uliofuata tuliyaanza wiki ile ile, mimi nikiwa mbeba kuni. Kitabu kilikaa mapajani mwake, kijiti cha kufuatia mistari mkononi. Siku ya pili joto likaonekana kulegea; nikanyoosha mkono nichukue kuni. Akanichapa vidole kwa kijiti.

"Bado," akasema, akarudi kwenye sheria ya tisa, silabi moja moja.

Nikakalia mikono.