Siagi Mtutuni

Mwaka 1952 bunduki yangu ya kazi ilifungwa mtutu mpya, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa askari wa Bwana Nyama, yule Mzungu msimamizi wa wanyama wa porini, wa pekee upande wetu wa Karagwe. Mzee Melkiory, fundi aliyeufunga mtutu ule, alinipa chupa ndogo ya mafuta na masharti.

"Piga risasi moja, pangusa kwa mafuta haya, kausha. Piga nyingine, fanya vilevile, mpaka kumi. Hapo utakuwa umeuzoesha. Na siku ya kazi uwe mkavu kabisa, la sivyo risasi itapotoka."

Niliitikia tu ili aniache niondoke.

Nilitumwa Rugu, ambako simba alikuwa amekula ndama wawili wa mjane aitwaye Kokubanza. Alibakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Bihogo, na watoto wanne wakimtegemea huyohuyo. Kazi yangu ilikuwa kumuua simba kabla hajamfikia.

Watu walikusanyika kunitazama nikizoesha mtutu. Kufikia risasi ya tatu mafuta yaliisha, kwa sababu njiani nilikuwa nimeyasugulia viatu vyangu. Ndiyo, viatu, ili ning'ae mbele ya watu. Nikamwomba Kokubanza siagi. Kwetu mkuki mpya hupakwa siagi kabla ya kwenda porini, nikaona bunduki nayo ni vilevile.

Yeye alisita. "Mwanangu, chuma cha Wazungu kinapakwa siagi?"

"Mama, askari ni mimi au wewe?"

Watu wakacheka, naye akaleta. Nilipomaliza zile kumi niliujaza mtutu siagi tele, nikaulaza hivyo hivyo.

Asubuhi yake simba alitokea machungani, hatua kama sabini hivi, Bihogo akiwa kando yake kidogo. Nililenga bega la simba sawasawa, nikafyatua. Risasi ilipotoka nilisikia harufu ya siagi iliyoungua. Bihogo akaanguka, akafa. Simba akaingia majanini bila hata haraka.

"Mtutu mbovu," nilisema kabla mtu hajaniuliza, na fundi nikamtaja kwa jina.

Habari zikamfikia, na siku ya tatu Mzee Melkiory akafika kwa miguu. Mbele ya watu wote alipitisha kitambaa mtutuni, kikatoka cheusi na kunata. Akakinusa.

"Hii ni siagi. Nani kaitia?"

Nilijiambia sema, sema sasa, na sikusema.

"Ni yangu, mzee," Kokubanza akasema. "Mimi ndiye niliyeitoa." Kisha akanigeukia, akapiga magoti pale mavumbini. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi na jina."

Mzee Melkiory alinitazama, akingoja. Nami nikamshika yule mama mkono, nikamwinua.

"Nimekusamehe, mama," nikasema, na watu wakanisifu kwa roho yangu nzuri.