Ufa wa Mzee Gozbert

Ukumbi ule wa Kinondoni ulikuwa na kiyoyozi kikali, na Mzee Gozbert alikaa amejikunyata ndani ya koti lake kama mgonjwa. Alistaafu zamani, lakini walimwita kwenye kikao cha wataalamu wa matetemeko kwa sababu ya ufa wake, mpasuko wa mwamba unaoweza kuleta tetemeko. Ujana wake wote aliutumia kuusaka chini ya udongo wa Kigamboni, kwa miguu na kwa nyundo, hadi mkewe akachoka kumsubiri akaenda zake. Leo ndiyo siku ya kuuingiza kwenye hesabu. Ukiingia, maghorofa ya Kigamboni yatajengwa kwa nondo za kuhimili tetemeko. Ukiachwa, basi maisha yake yalikwenda bure, na watu watalala chini ya zege dhaifu.

Tunu ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Mzee alimfundisha kazi tangu hajui hata kushika dira. Tunu akaeleza utaratibu: hakuna anayejua tetemeko litakuja lini, kwa hiyo rai ya kila mtaalamu inapewa uzito wake, mkubwa au mdogo, kisha kompyuta inapiga hesabu ya uwezekano kwa miaka hamsini ijayo. Kila mmoja ataje mwenyewe anaiamini rai yake kwa kiasi gani.

Venance, mtaalamu wa juzi juzi tu, akajipa asilimia tisini bila kupepesa macho. Mkono wenyewe haujawahi kugusa mwamba. Ilipofika zamu ya Mzee, malezi yakamponza. Mtu mzima aliyelelewa vizuri hajisifu mbele za watu. Husubiri wenzake wamsifu. Akatabasamu, akasema, "Mie ni mzee tu, wanangu. Huenda hata hakuna kitu kule. Nyie ndio wajuzi."

Akangoja wamkatalie. Nani amkatalie? Watu walikuwa na njaa. Tunu akaandika sifuri, akabonyeza, na Kigamboni yote ikageuka kijani kwenye skrini, rangi ya salama. Wakapiga makofi.

Mzee alimfuata Tunu kwenye meza ya chakula. "Tunu, mwanangu, si unajua ile ilikuwa adabu tu?"

"Najua, Mzee." Alikuwa anamchagulia paja zuri la kuku. "Ila wakubwa hawautaki huo ufa, unapandisha gharama. Nilikuwa nawaza nitakunyamazishaje bila kukuvunjia heshima. Ukanirahisishia."

Akampa sahani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.