Loshoro ya Mama Mkwe

Princess, binti yangu wa miaka mitatu, alimeza kifungo cha koti la kwaya la baba yake Jumapili tukijiandaa kwenda kanisani. Alikuwa anapumua, lakini mate yalimtiririka na alishika koo akilia. Nathanaeli, mume wangu, akainama kutafuta kifungo chini ya kochi.

"Kiko kwa mwanao!" nikamfokea. "Washa pikipiki!"

Mama mkwe, jirani yetu hapa Nkoaranga, alikuwa keshafika na kijiko. Kwake yeye, chochote kilichokwama kooni husukumwa kwa loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando. Iwe mfupa, iwe sarafu, iwe hasira za mume. Nikamnyakua mtoto, tukaondoka.

Hospitalini mjini, picha ikaonyesha kifungo kimekaa kooni raha mustarehe. Daktari akasema atamlaza usingizi kwa dawa ili akitoe, ila tumbo liwe tupu. Chakula kingeweza kupanda na kuingia mapafuni.

"Asipewe kitu. Hata maji."

Nesi akaniletea fomu ya kuridhia nisaini. Na hapo mama mkwe akaingia, amekumbatia chupa ya loshoro.

"Mtoto hajala tangu jana!"

"Mama, daktari amekataza."

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

Nikageuka kusaini, kijiko kikawa mdomoni pa Princess. Nikakidaka. Nikageuka kujibu nesi, kijiko tena! Mama mkwe hapigwi, na huyu wangu hachoki. Basi nikachukua ile chupa, nikaigugumia yote mbele ya wodi nzima, machozi na maziwa vikinishuka kidevuni. Mama mkwe akaduwaa. Nathanaeli akajifanya anasoma bango la chanjo.

Princess akaingizwa chumba cha upasuaji, na hatimaye daktari akatoka na kifungo kwenye kibakuli. Aliponiona nimejikunja kwenye benchi, akauliza kama na mimi nimemeza kitu. Nililia kwa furaha, tumbo likiniuma.

Princess alipozinduka na kuruhusiwa kula, akasema, "Bibi, njaa."

Mama mkwe akaipindua chupa. Halikudondoka hata tone. Akanitazama mpaka nikatamani kuingia chini ya kitanda.

"Hukumwachia hata kijiko kimoja?"

"Hata kimoja, mama."

Akajifunga kanga kiunoni.

"Nathanaeli, nirudishe nyumbani nikapike. Chupa mbili. Moja ya mtoto, moja ya mkeo. Leo ndiyo nimemjua."